Nani Kachungulia Kredi Yetu?

Simu bado iko mkononi mwa Silvanus, msomaji wangu. Ni simu ya mkewe, ile iliyolia Jumamosi mchana wakati ugali uko mezani na Leokadia yuko bafuni anamnawisha mtoto.

Mlisikia wenyewe sauti ya yule mwanamume: "Leokadia, mbona hupokei? Mumeo umekwisha kumwambia, ao bado?"

Silvanus aliisogeza sahani yake.

"Sema tena, kaka," alisema taratibu. "Mumewe anakusikiliza."

Sauti ya yule mwanamume ikarudi ndogo kuliko mwanzo, na lafudhi yake ya Kongo. "Ah. Bonjour, papa."

"Papa yako nani? Jina lako!"

"Ulrich, papa."

Leokadia alitokea mlangoni na Clement kiunoni, mtoto analowesha gauni la mama yake kwa mikono yenye sabuni. Akaiona simu. Akasimama hapo hapo.

"Baba Clement, hiyo simu yangu."

"Najua ni yako. Kaa." Silvanus alibonyeza spika, akailaza simu katikati ya bakuli la mchicha na sahani ya samaki. "Leo tunakula wote wanne."

Wiki nzima hakuwa amecheka, huyu Silvanus, mtu wa kucheka na kila mgeni anayemwegeshea gari pale hotelini Alexandria, Virginia. Atacheka nini? Wiki nzima wanaume walikuwa wanampigia mkewe. Mwenye sauti nzito. Mwenye mafua. Mmoja alimwita "mpenzi" kwa Kiingereza, na Silvanus alisikia kwa masikio yake. Kila simu ikilia Leokadia anakimbilia jikoni. Akiulizwa ni nani, anasema hakuna mtu.

Mlioingia leo kwenye hadithi hii, shikeni jambo moja tu. Jumatatu mke na mume hawa wanatia sahihi ya kununua nyumba yao ya kwanza hapa Marekani, kule Bladensburg, Maryland. Yule mama wa mkopo wa nyumba aliwaonya wakiwa wamekaa mbele yake: hadi siku ya sahihi, asiwepo mtu wa kuchungulia kredi yenu, ile rekodi yenu ya kukopa na kulipa. Msinunue gari. Msifungue kadi. Hata sofa msikope.

Na baada ya onyo hilo, Leokadia alifanya nini? Aliingia kwenye mtandao akaomba bei za bima ya gari. Kampuni hii, kampuni ile. Kila moja ilimwomba ruhusa ya kuchungulia kredi, naye akaruhusu, akaruhusu, akaruhusu. Ndipo akakumbuka maneno ya yule mama.

Amwambie nini mumewe? Kwamba ameiua nyumba kwa kidole? Akaona heri ashukiwe kuwa na mwanamume.

"Umekutana wapi na mke wangu?" Silvanus aliuliza simu.

"Hatukukutana, papa. Ni kwa simu tu."

"Kwa simu! Saa ngapi?"

"Saa za kazi, papa."

"Anajibu!" Silvanus alimgeukia mkewe. "Unamsikia hawara yako anavyojibu?"

"Mwambie, Ulrich," Leokadia alisema. "Mwambie tu yaishe."

"Lakini mama, wewe ulisema nisimwambie."

"Ulisema asiniambie!" Kiganja cha Silvanus kilitua mezani, mchuzi ukaruka. Clement akaanza kulia.

"Papa! Papa, nisikilize. Mimi ninauza asiransi. Bima ya gari! Bibi yako aliniomba bei. Juu ya gari, papa. Mimi niko na bibi yangu, niko na watoto, Jumapili ninapiga gitaa kanisani."

Silvanus alikaa kitako.

"Bima?"

"Bima."

"Na wale wengine?" alimuuliza mkewe.

"Wote ni wa bima." Leokadia alimpakata mtoto. "Ukiomba bei mara moja tu, namba yako inasambaa kama harufu ya kitunguu. Hata yule wa 'mpenzi', anawaita hivyo wateja wote. Kuna bibi kizee nilimsikia anaitwa hivyo hivyo."

Mngetegemea nini, wapenzi wasomaji? Mume acheke, amkumbatie mkewe, waendelee kula samaki wao. Hata Leokadia alitegemea hivyo. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Silvanus hakucheka. Wivu ulimtoka usoni kweli, lakini kilichoingia mahali pake kilikuwa hofu.

"Nani alikutuma uguse bima?" alisema. "Bima ya gari gani? Umewaambia nini? Umewapa jina langu?"

"Baba Clement, bili ilipanda. Na Violet wa kwaya alinicheka kwenye kikao cha harusi, mbele ya akina mama wote. Eti tunalipia bima kama tuna basi la shule. Nilitaka kuishusha kabla hatujahamia, nikushtue kwa furaha. Sikujua." Machozi yakaanza. "Nisamehe. Nimeiua nyumba. Wamechungulia kredi wote, na mama wa mkopo alisema asichungulie mtu."

"Mama, usilie," simu ikasema pale mezani. Walikuwa wamemsahau. "Nani alikudanganya?"

"Zima hiyo simu," Silvanus alisema.

"Acha aseme."

"Sikia, mama. Sisi wa bima tunaangalia kwa dirisha tu. Tunapita nje, tunaona taa inawaka, tunaenda zetu. Hatubishi hodi. Hata ukiomba kampuni zote za Virginia na Maryland, alama zako za kredi haziteremki hata kidogo. Mwenye kubisha hodi ni yule wa kukopesha. Wa nyumba, wa gari, wa kadi. Yule ndiye anaacha alama ya viatu mlangoni, na mama wako wa mkopo ataiona."

Leokadia alifunika uso kwa kanga ya mtoto. Mabega yalimcheza. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Clement akamwangalia kama anayeamua amfuate upande upi. "Mungu wangu. Nyumba ipo. Baba Clement, umesikia? Nyumba bado ipo!"

"Nimesikia. Asante, bwana Ulrich, siku njema." Mkono wa Silvanus ulikuwa umeshaifikia simu.

"Siku njema, papa. Nilitaka tu kujua kitu kimoja: ile bei ya jana ni ya magari yote mawili, ao lile jeupe niliondoe?"

Jamani.

Leokadia aliinyakua simu kabla ya mumewe.

"Magari gani mawili?"

"Corolla yenu ya zamani, na lile gari jeupe jipya, la jipu. Kampuni yenu ya sasa inayabeba yote mawili. Ndiyo sababu bili yenu ilipanda, mama. Nilidhani unajua."

"Asante, Ulrich," alisema Leokadia. "Nitakupigia."

Wivu ulikuwa umekaa upande wa Silvanus wa meza wiki nzima. Sasa ulinyanyuka, ukazunguka meza, ukavuta kiti karibu na Leokadia.

Wheaton yote, mtaa wanaokaa hawa, inajua nani ana jipu jeupe jipya. Violet. Violet wa kwaya, Violet wa kucha ndefu, Violet anayeuza manukato pale kwenye maduka makubwa na kumwita kila mwanamume "kaka" kwa sauti ya kumwita kitu kingine. Na yule aliyemcheka kuhusu bima alijuaje bili yao inasemaje?

"Ni gari la Violet," Leokadia alisema.

Silvanus aliinamisha kichwa.

"Limo kwenye bima yetu. Mimi nanunua nepi za punguzo, na Violet anaendesha kwa bima yetu. Unalala naye?"

"Hapana! Naapa kwa mtoto huyu."

"Mtoto muache. Apa kwa kichwa chako."

"Nilimdhamini," Silvanus alisema. "Ni hilo tu, mama Clement. Alikuja analia, mkopo wa gari wamemkatalia, anataka mtu wa kusimama naye. Kwetu kumdhamini mtu ni nini? Unakwenda, unasema huyu namfahamu, ana tabia njema, unatia sahihi, unarudi nyumbani kwako. Nilimdhamini hata rafiki yangu Cosmas kule nyumbani alipopata kazi ya benki. Nikadhani ni kitu kile kile. Kumbe huku ukidhamini, mkopo ni wako. Na bima wakaitaka kwangu."

Leokadia alimtazama. Alitamani sana kumwamini. Kwenye darasa lake la jioni mwalimu alitumia kipindi kizima kwa kosa hilo hilo, na nusu ya darasa walishika vichwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemdhamini mtu wa kwao kwa moyo mweupe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia Violet, ungenielewa?"

Hapo alimpata. Asingemwelewa.

"Kwa hiyo aliyebisha hodi kwenye kredi yetu ni wewe," Leokadia alisema. "Na Jumatatu yule mama ataona."

"Nitaongea naye. Niachie mimi." Akamfuta mkewe machozi kwa kidole gumba, akambusu Clement utosini. "Sasa niwahi. Wameniita hotelini, zamu ya ziada."

Akaingia chumbani, akatoka na shati lililopigwa pasi. Akafunga mlango nyuma yake polepole, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Leokadia alibaki na sahani za samaki waliopoa. Alianza kuzitoa. Ndipo ile harufu ikamfikia puani.

Manukato. Yale ya harusi yao, ambayo chupa yake hufunguliwa Krismasi na Pasaka. Mtu anakwenda kuegesha magari ya wageni, anajipulizia manukato ya harusi?

Akageuka. Funguo za Corolla zilikuwa mezani. Alexandria ni ng'ambo ya mto, na siku zote Silvanus hulalamika kwamba Jumamosi treni zinamchelewesha. Leo kaacha gari.

Akachukua simu.

"Ulrich, samahani. Mtu akimdhamini mwenzake mkopo wa gari, jina lake linaingia kwenye kadi ya gari?"

"Hapana, mama. Mdhamini ni wa mkopo. Kadi ni ya mwenye gari."

"Na hili jeupe, kadi ina jina la nani?"

Maskini Ulrich, alikuwa anataka kuuza bima tu.

"La papa," alisema. "Peke yake."

Msomaji, ungefanya nini? Wengine mliniandikia kwamba Leokadia ni mpole mno, anatakiwa aamke. Haya. Aliamka. Alimvisha Clement viatu, akamfunga kwenye kiti chake nyuma ya Corolla, akaenda moja kwa moja kule kwenye maduka, zamu ya Violet ilipo.

Hakuhitaji hata kuingia ndani. Jipu jeupe lilikuwa pakingi, mlango wa nyuma wazi, na miguu ya Violet imening'inia nje. Mwenyewe alikuwa amejipinda ndani, anahangaika na kitu, anatukana kwa Kinyamwezi.

"Violet."

Violet alijigonga kichwa. Akatoka, nywele zimemvurugika.

"Mama Clement! Shoga yangu, umekuja kununua manukato?"

"Nimekuja kumwona mtu ambaye mume wangu kamdhamini gari."

Violet akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Amekwambia amenidhamini mimi? Silvanus huyu! Shoga, mimi ndiye niliyemdhamini yeye. Gari ni lake. Walimkatalia kwa sababu ana maombi ya mkopo wa nyumba, wakataka mtu wa kusimama naye. Nikasimama. Mimi naliendesha tu lisikae bure, hadi mwenyewe afike."

"Mwenyewe nani?"

Violet alisogea kidogo tu, na Leokadia akaona alichokuwa anahangaika nacho.

Kiti cha mtoto. Kipya, bado kina karatasi ya dukani. Na hakikuwa cha mtoto kama Clement. Kilikuwa cha mtoto aliyekwisha ng'oa meno ya mbele, mtoto anayejua kusoma jina lake. Violet hana mtoto.

Mama akikiona kiti anajua umri. Silvanus alikuja Marekani kabla Leokadia hajamjua, na huko nyuma hakuwahi kupasimulia sana. Na kwa nini aling'ang'ania nyumba ya vyumba vitatu, wakati kile cha tatu alisema ni cha wageni? Kwa nini alikuwa anauliza kipakwe rangi gani?

"Wa kike?" Leokadia aliuliza.

"Wa kike."

"Chumba cha wageni," alisema peke yake. "Na mama yake?"

"Mama yake ni dada yangu. Benadetha. Tumbo moja." Sasa Violet hakuwa anacheka. "Hukujiuliza kwa nini sikupendi? Hicho kiti cha mke unachokikalia kilikuwa cha dada yangu. Silvanus alimwacha na mimba akasema anatangulia. Akatangulia mpaka kwako. Ndege yao inatua Dulles jioni hii. Silvanus anakuja sasa hivi, ataendesha yeye. Mimi nimeambiwa nikae nyuma na mtoto." Akaupapasa mlango wa mbele kwa kucha zake. "Kiti cha mbele kina mwenyewe."

Kuna wivu unaopiga kelele. Huu ulikuwa wa kimya. Leokadia aliuhisi ukimpanda kutoka magotini, baridi, na akili ikawa nyeupe kama lile gari. Alitaka kurusha kiti kile katikati ya pakingi. Alikishika kabisa.

Mkanda ulikuwa umepindwa. Violet alikuwa ameupitisha chini badala ya juu. Breki moja tu ya ghafla kule kwenye barabara kuu, na yule mtoto asiyemjua, mtoto wa mumewe, angepaa hadi kwenye kioo.

Mikono yake ilianza kuufungua kabla moyo haujatoa ruhusa. Akaupitisha pale unapopita. Akaukaza kwa goti. Akakitikisa kiti, hakikutikisika.

"Unafanya nini?" Violet aliuliza.

Leokadia alikwenda kwenye Corolla, akamtoa Clement, akang'oa na kiti chake, akarudi akakifunga pembeni ya kile kipya. Vikabanana kama watoto wa kitanda kimoja. Clement akanyoosha mkono, akagusa ile karatasi ya dukani, akauliza kwa Kiingereza hiki ni cha nani.

"Cha dada yako," Leokadia alimjibu kwa Kiswahili.

Ndivyo neno lilivyotoka. Hakulipanga.

"Na mimi nikae wapi?" Violet alikuwa ametoa macho.

"Wewe, shoga, ndiye huna nafasi. Treni iko pale, ngazi zile. Baba Clement atakuonyesha, ndiyo kwanza anashuka."

Kweli, Silvanus alikuwa anakuja katikati ya magari, shati limenyooka, maua mkononi, anatazama ardhi kama mtu anayejifunza hotuba. Leokadia alifungua mlango wa mbele, akapanda, akakaa. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kwa ajili ya mtu mwenye miguu mirefu. Akakivuta kwa saizi yake.

Silvanus aliinua macho. Maua yakateremka taratibu mpaka yakagusa goti.

"Panda," Leokadia alisema kupitia dirishani. "Ndege haitusubiri. Na Jumatatu tutakwenda kwa mama wa mkopo sote wawili, tutamweleza nani alibisha hodi na kwa nini. Akitunyima nyumba, atunyime tukiwa tumesema kweli."

"Leokadia." Hakumwita mama Clement. Alilishika dirisha kwa mikono miwili. "Nakuomba. Shuka. Benadetha hajui kama nina mke."

Nyuma ya gari, Violet alifumba macho; na yeye alikuwa hajamwambia dada yake.

Leokadia alimtazama mumewe, akatazama maua, akatazama kile kiti kitupu kwenye kioo cha juu. Akavuta mkanda, akaupitisha kifuani, akaufunga.

"Basi," alisema, "leo atanijua."